Umeongeza kifaa kwenye kompyuta, kioo kimegoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye kompyuta ya mezani nyumbani aliyefungua boksi, akaongeza kadi ya grafiksi, RAM, prosesa au pawasaplai, akawasha, na kioo kikabaki cheusi au kikaanza vituko. Mashine nyingi zinazofikishwa kwa fundi na malalamiko haya ni zile zilizotumika maofisini Ulaya kisha zikauzwa tena Kariakoo au Luthuli Avenue: Dell OptiPlex, HP Compaq na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara na bei zake zinavumilika, lakini aliyezibuni hakuwa na habari kwamba siku moja utataka kuchezea gemu juu yake. Majibu mengi hapa chini yanatokana na hilo.

Nimeweka kadi ya grafiksi. Feni zinazunguka, taa inawaka, ila kioo kinaandika "No Signal". Nimeunguza kitu?

Karibu kila mara, hapana. Zunguka nyuma ya boksi uangalie waya wa kioo umechomekwa wapi. Kompyuta yako sasa ina seti mbili za matundu ya picha: ya zamani, yaliyo kwenye madabodi pamoja na matundu ya USB, na mapya yaliyo kwenye kadi, chini kidogo. BIOS za mashine nyingi, yaani programu ya madabodi inayoamsha kompyuta kabla ya Windows, zikiona kadi imeingia huyazima matundu ya zamani zenyewe, kwa hiyo waya ulioachwa pale ulipokuwa jana hauleti kitu leo. Uhamishie kwenye kadi. Kisha bonyeza kitufe cha kioo cha kuchagua chanzo cha picha, maana kioo chenye HDMI na VGA si kila mara kinatambua kwamba umebadilisha tundu.

Kama bado, zima, chomoa waya wa umeme ukutani, toa kadi, rudisha waya wa kioo kwenye madabodi, washa. Jaribio hili huchukua dakika chache na ndilo lenye thamani kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu. Picha ikirudi, kompyuta ni nzima, na shida imebaki kwenye kadi, kwenye umeme wake, au kwenye BIOS isiyoielewa. Isiporudi, kuna kitu kingine kiliguswa mkono wako ulipokuwa ndani. Ukiruka hatua hii utanunua waya, halafu adapta, halafu kadi nyingine, na tatizo litakuwa palepale.

Nikitoa kadi hakuna picha kabisa. Madabodi imekufa?

Kwanza hakikisha prosesa yako ina grafiksi ya ndani. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i3-12100F au i5-10400F, hazina. Kwa AMD, Ryzen za mezani zilizotoka kabla ya mfululizo wa 7000 hazina pia, isipokuwa zile zenye herufi G kama 3400G na 5600G. Madabodi inaweza kuwa na tundu zuri la HDMI nyuma na tundu hilo lisitoe chochote milele, kwa sababu picha hutengenezwa na prosesa, madabodi kazi yake ni kuipitisha. Kwa mashine ya namna hiyo jaribio la kutoa kadi halikuambii kitu. Azima kadi nyingine ndogo ujaribu nayo.

Prosesa yangu ina grafiksi, kadi nimetoa, na bado ni giza. Sasa?

Sasa ni RAM. Unaposukuma kadi kubwa ndani ya boksi dogo, madabodi hupinda kidogo, na kijiti cha RAM kilichokaa miaka minane bila kuguswa hulegea. Toa vijiti vyote. Weka kimoja tu, sukuma mpaka usikie vishikizo vimebana, washa. Kisipoleta picha jaribu tundu jingine, kisha kijiti kingine. Sehemu ya shaba ya kijiti isugue taratibu kwa raba ya penseli au kwa kitambaa chenye spiriti safi, ukiache kikauke. Wanaoishi Dar, Mombasa au Unguja karibu na bahari wasidharau usafi huu, hewa ya chumvi hula shaba.

Kama RAM ndiyo uliyoongeza, angalia aina yake. DDR3 na DDR4 haziingiliani kwa umbo, kwa hiyo hapo huwezi kukosea bila kutumia nguvu. Mtego upo kwenye RAM za seva. Zinauzwa bei nafuu, zina ukubwa wa kuvutia, zinaingia kwenye tundu bila shida, lakini zile za aina ya "registered" haziwashi kompyuta ya kawaida ya mezani. Soma stika: ukiona herufi R baada ya tarakimu za kasi, mfano PC3-12800R au PC4-2400T-R, mrudishie muuzaji. Ya kompyuta yako itakuwa na U.

Kitu kingine kinachowatia watu hofu bure: madabodi mpya za AMD zinazotumia DDR5 huchukua dakika kadhaa kuipima RAM mara ya kwanza, kioo kikiwa cheusi muda wote huo. Washa, kachemshe chai, urudi. Ukizima katikati utaianzisha upya kila mara.

Kuondoa betri ya BIOS kunasaidia kweli, au ni mazoea ya mafundi tu?

Kunasaidia, hasa kama mtu alibadilisha mipangilio ya kasi ya RAM au ya kadi ipi ionyeshe picha. Chomoa umeme, toa ile betri ya mviringo ya CR2032, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe, subiri kidogo, rudisha. Kwenye mashine za umri huu nunua betri mpya kabisa. Ila saa na tarehe zitapotea, na kama Windows iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa kuwaka ("Legacy"), huenda ukahitaji kuingia BIOS na kuurudisha.

Taa ya kitufe inamweka au kompyuta inalia. Inaniambia nini?

Inakuambia jibu, na watu wengi huizima wakidhani ni kelele. Hesabu. Kwenye OptiPlex za miaka ya karibuni taa humweka kwa rangi mbili: mara 2 rangi ya chungwa kisha mara 3 nyeupe maana yake haioni RAM, 2 kisha 4 maana yake RAM imeonekana lakini ina hitilafu. Kwenye HP Compaq za zamani, taa nyekundu na mlio mara 5 ni RAM, mara 6 ni kadi ya grafiksi, na mara 4 ni umeme. Madabodi nyingi za kununua dukani zina vitaa vinne vidogo vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT; kile kinachobaki kinawaka ndicho kilipokwamia. Kikibaki kinawaka cha BOOT wakati kioo kina picha, shida yako ni diski na uko kwenye ukurasa usio wako.

Pawasaplai yangu inatosha kwa kadi hii?

Hili ndilo swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya kununua kadi, na ndilo chanzo cha nusu ya vioo vyeusi ninavyoviona mimi.

Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo ina tundu la umeme wa ziada: la pini 6 huongeza wati 75, la pini 8 huongeza 150. GT 1030 hula wati 30. RX 6400 hula 53. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinafika 75, na matoleo mengi yake huishi kwa umeme wa tundu peke yake. GTX 1060 ni wati 120, RX 580 ni 185, na hizo mbili bila waya wa ziada zitawasha feni zikae hivyohivyo, pengine zikuandikie kwenye kioo kwamba uchomeke waya wa umeme.

Sasa linganisha na ulichonacho. OptiPlex 7010 ya boksi la wima ilitoka na pawasaplai ya wati 275; ile ya boksi jembamba, wati 240. Hakuna waya wa pini 6 humo. Baadhi ya mashine nyembamba za HP huweka kikomo cha tundu chini hata ya zile 75. Kwa mashine za namna hii ushauri wangu haubadiliki: baki kwenye kadi isiyohitaji waya. Kadi kubwa kwenye boksi la ofisini ni ubishi unaogharimu pawasaplai, kisha boksi, kisha muda wako.

Kuna "suluhisho" linalouzwa kila duka: adapta inayochukua umeme wa diski ya SATA na kuugeuza kuwa pini 6 au 8. Usiinunue. Plagi ya SATA imekadiriwa kupitisha wati 54 kwenye volti 12, na wewe unataka ipitishe 75 au 150. Plastiki yake huyeyuka, na moto wa ndani ya boksi hautoi taarifa mapema.

Basi nikibadilisha pawasaplai nzima?

Inawezekana, ila fungua boksi kwanza uangalie plagi kubwa ya madabodi. OptiPlex 7010 ina pini 24 za kawaida, na pawasaplai yoyote ya dukani inaingia kama boksi lina nafasi. Kuanzia 3020, 7020 na 9020 Dell walihamia pini 8. HP EliteDesk walienda pini 6, ThinkCentre kadhaa pini 14. Kwa hizo unahitaji adapta ya kutoka pini 24, na adapta yenyewe lazima iwe ya chapa ya mashine yako, si "inayofanana".

Kuna makosa mawili ya waya yanayoua vifaa papo hapo. La kwanza ni kulazimisha plagi ya pini 8 ya prosesa iingie kwenye kadi ya grafiksi. Zinafanana kwa mbali, lakini chanya na hasi zimepinduka. La pili ni kuchukua waya za pawasaplai moja zinazochomoka na kuzichomeka kwenye pawasaplai ya chapa nyingine. Upande wa kifaa ni sawa, upande wa pawasaplai kila kampuni hupanga inavyotaka.

Kuhusu zile pawasaplai nyepesi zenye stika kubwa ya "500W": usisome namba kubwa, soma jedwali dogo. Tafuta ampea za volti 12 uzidishe. Ikiwa imeandikwa 17A, hizo ni wati 204 za kweli kwa prosesa na kadi kwa pamoja. Na pawasaplai nzuri haiwi nyepesi mkononi.

Kadi haikai vizuri kwenye tundu.

Kwa boksi jembamba unahitaji kadi fupi, ile yenye bati dogo la nyuma. Muuzaji akikupa kadi fupi yenye bati refu, mwombe bati dogo kabla hujaondoka dukani, baadaye halipatikani. Sukuma kadi mpaka kishikizo cha mwisho wa tundu kibane. Na kwenye OptiPlex kama 7010 kuna matundu mawili marefu: la bluu ndilo la kadi ya grafiksi, jeusi lina urefu uleule lakini njia zake za data ni nne tu.

Kadi inafanya kazi vizuri kwa rafiki yangu, kwangu giza. Na umeme unatosha.

Hapo BIOS na kadi haziongei lugha moja. Kadi za kisasa huonyesha picha ya mwanzo kupitia UEFI, yaani mtindo mpya wa BIOS, na baadhi hazijali kabisa mtindo wa zamani. Kadi za zamani ni kinyume: zinahitaji kile kipengele cha BIOS kinachoitwa CSM, kinachoruhusu mtindo wa zamani, kiwe kimewashwa. Kwa hiyo kadi mpya kwenye mashine ya 2011 inaweza kukaa giza mpaka Windows ipakie draiva (programu inayoiwezesha kuongea na kadi) ndipo picha itokee ghafla, au isitokee kabisa. Na kadi kongwe kwenye madabodi mpya ambayo CSM imezimwa hufanya vilevile.

Cha kufanya: toa kadi, ingia BIOS kwa grafiksi ya ndani, angalia toleo la BIOS na ulinganishe na lililo kwenye tovuti ya kampuni. Mashine nyingi za ofisini zilikuja huku na BIOS ya mwaka zilipotoka kiwandani, haijawahi kuguswa. Kuisasisha kumetibu kesi nyingi. Lakini fanya hivyo ukiwa na UPS. Umeme ukikatika BIOS ikiwa inaandikwa, madabodi inaweza isiwake tena mpaka chipu yake iandikwe kwa kifaa maalumu, na si kila fundi anacho. Baada ya kusasisha, kwenye ukurasa wa "Primary Display" au "Video" chagua "Auto". Kuchagua kadi kwa lazima ni sawa tu kama una hakika kadi inafanya kazi. Vinginevyo utajifungia nje.

Nimebadilisha prosesa, tundu ni lilelile, kioo giza.

Tundu kufanana si mkataba. Intel walitumia LGA1151 kwa kizazi cha 6 na 7, kisha wakalitumia tena kwa cha 8 na 9 bila kuelewana. I5-8400 inaingia kwenye madabodi ya H110 na haitawaka kamwe. AMD kwenye AM4 wamekuwa waungwana zaidi, ila Ryzen ya mfululizo wa 5000 kwenye madabodi ya B450 inadai BIOS mpya, na isasishe ukiwa bado na prosesa ya zamani. Ikiwa orodha ya prosesa kwenye tovuti ya madabodi haina yako, usipoteze jioni. Ikiwa imo, ngoa prosesa uangalie pini kwa tochi. Pini moja iliyolala inatosha kuzima mlango wa RAM au wa kadi.

Nembo ya Dell naiona, vidoti vya Windows vinazunguka, halafu giza.

Hii ni habari njema. Kadi ni nzima, umeme upo, BIOS imeelewa. Kilichobaki ni draiva. Kwanza bonyeza Windows+Ctrl+Shift+B kwa pamoja. Hiyo huanzisha upya draiva ya grafiksi, na utasikia mlio mfupi. Kisha Windows+P, mshale wa chini mara moja, Enter: huenda Windows inatuma picha kwenye kioo cha pili kisichokuwepo, hasa kama matundu ya madabodi bado yamewashwa. Rudia mara mbili tatu.

Ikishindikana, zima kompyuta kwa nguvu mara tatu mfululizo inapoanza kuwaka. Itafungua ukurasa wa matengenezo, uende "Troubleshoot", kisha mipangilio ya kuwaka, uchague "Safe Mode". Huko Windows hutumia draiva ya msingi na picha itaonekana. Ondoa draiva za kadi ya zamani. Kama ulihama kutoka AMD kwenda Nvidia, au kinyume, tumia programu ya bure ya Display Driver Uninstaller, ambayo hufagia mabaki yote. Zima intaneti kabla ya kuwasha tena, la sivyo Windows itakuwekea draiva inayoitaka yenyewe katikati ya kazi yako. Kisha weka draiva uliyoipakua kwenye tovuti ya kampuni ya kadi.

Kadi za Nvidia za kizazi cha Kepler, kama GTX 760 na GT 710 zilizo nyingi sokoni, ziliishia kwenye draiva za tawi la 470. Ukilazimisha mpya kuliko hizo, kisakinishi kitakuambia hakuna kifaa kinachofaa.

Picha ipo, lakini imevimba na haitaki kupita 1024×768.

Fungua "Device Manager", sehemu ya "Display adapters". Ukiona "Microsoft Basic Display Adapter", draiva haijawekwa. Weka, basi. Ukiona jina la kadi lenye alama ya njano na "Code 43", soma jibu linalofuata.

"Code 43" ni nini? Kadi ni mpya, nimeifungua kwenye boksi mwenyewe.

Maana yake Windows imeisimamisha kadi kwa sababu imeripoti hitilafu. Wakati mwingine ni draiva chafu, na usafi wa Display Driver Uninstaller huimaliza. Wakati mwingine kadi ni mbovu. Na wakati mwingine kadi si ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Kadi za kughushi zipo, na si chache. Mtu huchukua kadi ya mwaka 2010 au 2011, kama GTS 450 au GTX 550 Ti, anaibadilishia BIOS iliyo ndani ya kadi yenyewe ijitambulishe kama GTX 1050 Ti, anaivalisha feni mpya na boksi linalong'aa. Windows husoma jina la uongo, inaleta draiva ya jina hilo, draiva inakutana na chipu isiyoijua, na hapo kioo hubaki kwenye picha kubwa, huzima au kompyuta hujiwasha upya. Mteja anamlaumu fundi, fundi analaumu Windows.

Pakua GPU-Z, programu ndogo ya bure. Tangu 2018 inaweza kutambua chipu nyingi za Nvidia zilizoghushiwa na huandika "FAKE" mbele ya jina. Hata bila hiyo, macho yanatosha: GTX 1050 Ti halisi haina tundu la VGA. Ukiona lile tundu la bluu la pini 15 limejengwa kwenye kadi inayodai kuwa ya mfululizo wa GTX 10, acha kadi hapohapo kaunta. Ni kwa sababu hii nasisitiza kadi ijaribiwe dukani, draiva ikiwa imewekwa, gemu au jaribio likiwa linaendelea. Picha ya eneo-kazi peke yake haithibitishi chochote, hata kadi ya uongo huionyesha.

Nimeuziwa kadi ya "1060" bei poa sana, haina tundu la HDMI wala lolote.

Hiyo huenda ni P106-100, iliyotengenezwa kuchimba sarafu za kidijitali, ikiwa na chipu ya GTX 1060 bila matundu ya picha. Wapo wanaoilazimisha ifanye kazi kupitia grafiksi ya ndani kwa draiva zilizochezewa. Kwa matumizi ya nyumbani sishauri.

Kadi za kawaida zilizotoka kwenye uchimbaji ni suala tofauti. Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilimwagika sokoni, RX 580 zikiwemo. Nyingi zingali nzima, feni zimechoka tu. Lakini baadhi zina BIOS ya uchimbaji, na kioo hugoma au huzima kwenye gemu mpaka BIOS ya kiwandani irudishwe. Kadi nyingi za AMD za kizazi hicho zina kiswichi kidogo pembeni cha kuchagua BIOS ya pili. Zima, kisogeze, washa. Wakati mwingine matengenezo yote ni hayo.

Natumia TV kama kioo. Kingo zimekatwa na maandishi yana ukungu.

TV inadhani inaonyesha taarifa ya habari na inakuza picha kidogo. Ingia kwenye menyu yake ya ukubwa wa picha utafute "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1", jina hutegemea kampuni. Ukiweza kubadilisha jina la tundu la HDMI kuwa "PC", fanya hivyo; TV nyingi huacha kulainisha picha na maandishi yanakaa sawa. Weusi ukionekana wa kijivu, kwenye programu ya kadi badilisha masafa ya rangi kati ya "Full" na "Limited" mpaka yaafikiane na TV.

Kama TV ni ya 4K na kipanya kinajikokota, angalia mizunguko, yaani picha huchorwa mara ngapi kwa sekunde: HDMI 1.4 hufikia 4K kwa 30 tu kwa sekunde, na 60 inahitaji HDMI 2.0 pande zote mbili pamoja na waya unaostahimili. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, shuka 1080p. Kwa umbali wa kochi wengi hawatagundua.

Kioo changu ni cha VGA, kadi mpya haina VGA. Adapta ya bei rahisi itafaa?

Inategemea adapta. VGA ni mawimbi ya analogia. Kadi za sasa hutoa dijitali tupu, kwa hiyo unahitaji adapta yenye chipu ndani ya kugeuza, ile ya HDMI kwenda VGA yenye kichwa kinene. Adapta ya DVI ya plastiki tupu ilifanya kazi kwenye kadi za zamani zenye DVI-I, lakini mfululizo wa GTX 10 una DVI-D, na ile haiingii. Ukikata pini ili iingie bado haileti kitu. Waya wa DisplayPort kwenda HDMI nao una upande: DisplayPort ni ya kompyuta, HDMI ni ya kioo. Ukigeuza, giza.

Kioo kikiandika "Out of Range" au "Input Not Supported", usibadilishe waya. Kadi inatuma ukubwa au mizunguko ambayo kioo hakiiwezi. Ingia "Safe Mode", weka 60 na ukubwa wa kioo chako.

Picha ni nzuri, lakini gemu likianza natokewa na vidoti, michirizi au kompyuta inazima.

Vitofautishe. Ikizima yote ghafla kama umeme umekatika, ni pawasaplai. Ikianza vizuri na kuharibika baada ya dakika kumi au zaidi, ni joto: safisha vumbi, angalia feni zote za kadi zinazunguka, badilisha gundi ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na kipozeo, kama kadi ina miaka. Vidoti vya rangi vilivyopangika kama mraba, vinavyoonekana hata kwenye nembo kabla ya Windows, ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, na hapo kadi inaelekea mwisho. Kuna watu wanaipasha kadi kwa oveni au hita na inafufuka. Hufufuka kwa muda wa kutosha kuuzwa. Ukiwa mnunuzi, kadi inayonukia kuungua au yenye rangi iliyobadilika kuzunguka chipu, iache.

Baada ya kusasisha BIOS, kioo kimekuwa cha bluu kinadai namba ndefu ya siri.

Hiyo ni BitLocker. Inaona mashine imebadilika na imefunga diski. Namba ina tarakimu 48 na kwa kawaida imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha kompyuta; ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu uitafute. Kama mashine ni ya mtumba na akaunti ni ya aliyekuwa nayo kabla, jaribu kurudisha vifaa na mipangilio kama ilivyokuwa. Anayejua atafanya mabadiliko, aisimamishe BitLocker kwanza kutoka "Control Panel" ndipo achukue bisibisi.

Nimeshindwa. Nimpelekee fundi nini na nimwambie nini?

Peleka boksi, kadi, kifaa cha zamani ulichokitoa, na waya wa kioo uleule unaotumia nyumbani. Mwambie modeli kamili ya mashine, kadi gani, na kama picha inarudi ukiitoa. Piga video fupi ya taa na milio ya kuwaka. Usiseme "imekufa tu ghafla" wakati ulikuwa ndani ya boksi jana. Fundi ataanza kutafuta mbali na utalipia safari hiyo. Kama kifaa kina dhamana ya dukani, usitoe stika wala usifungue feni yake kabla hujaongea na muuzaji, na mpelekee kikiwa na risiti ndani ya muda aliokuandikia.